Homa za Nyumba Yetu

Katika nyumba niliyokulia, Ifakara, mtoto akishikwa na homa hakuna aliyeuliza anaumwa nini. Swali lilikuwa moja: vidonge vipo? Mama alivihifadhi kwenye kopo la kahawa juu ya kabati, pamoja na nyembe, sindano za kushonea na stakabadhi za ada zetu. Vilikuwa vyeupe, vimefungwa kwenye kipande cha gazeti, bila pakiti wala maelezo, na hakuna aliyehitaji maelezo. Kila nyumba mtaani kwetu ilikuwa na klorokwini kama ilivyokuwa na chumvi.

Mtoto ana homa na kikohozi: klorokwini. Ana homa na anaharisha: klorokwini, kisha maji ya mchele. Meno yanaota: klorokwini, robo kidonge. Mtu mzima alimeza vinne leo, vinne kesho, viwili kesho kutwa, na hesabu hiyo tuliijua kabla hatujafundishwa kuzidisha. Kazi ilikuwa kwa mtoto mdogo. Mama alisaga kidonge kati ya vijiko viwili, akatia sukari na maji kidogo, akaketi kwenye kigoda. Mdogo wangu alilazwa chali mapajani mwake, miguu imebanwa kwapani, mimi nimemshika mikono. Pua ikaminywa. Mdomo ulipofunguka kutafuta hewa, kijiko kikaingia. Nesi wa leo akiona mtoto anaminywa pua ili anyweshwe dawa atapiga kelele, na atakuwa na haki, maana dawa inaweza kupita njia ya hewa. Enzi zile ndivyo mama wote walivyofanya. Sukari haikusaidia kitu. Nusu ya dawa ilirudi kifuani kwa mama, na shughuli ikaanza upya.

Usiku ukaja mwasho. Klorokwini iliwawasha wengi wetu, hasa viganjani na nyayoni, bila kipele hata kimoja cha kuonyesha, na hakuna mafuta yaliyosaidia. Tulijikuna kwa magunzi ya mahindi. Kaka yangu alipokuwa mkubwa kidogo alianza kuficha homa kwa kuuogopa mwasho: anakwenda shule anatetemeka, anajianika juani karibu na mlingoti wa bendera, akiulizwa anasema anaota jua tu. Mwalimu ndiye aliyemrudisha nyumbani akiwa amembeba kwenye baiskeli.

Simcheki mama. Bonde la Kilombero ni nchi ya mpunga na mbu. Msimu wa kilimo familia nzima zilihamia mashambani, wengine ng'ambo ya mto, zikakaa kwenye vibanda vya nyasi na madungu ya kulindia ndege na nguruwe, wiki kwa wiki, na huko zahanati hakuna. Waswisi waliofungua maabara yao Ifakara mwaka 1957 hawakupachagua kwa bahati, walifuata maradhi. Mtoto wa bonde lile akichemka mwezi wa nne, aliyesema ni malaria alikuwa amekisia, lakini alipata mara nyingi kuliko alivyokosa. Na dawa ilikuwa bado inafanya kazi. Jioni unameza, asubuhi mwili umepoa, mchana unaomba wali.

Kilichomtisha mama kilikuwa degedege. Mtoto anakakamaa, macho yanageuka juu, mate yanamtoka, na kila mwanamke aliye karibu anaanza kupiga yowe. Wazee walisema kuna kitu kimepita juu ya mtoto usiku, ndege au upepo mbaya, na dawa yake haiko hospitali. Nilishuhudia ya mtoto wa jirani. Walimfunika kanga mbili, wakaweka chini yake kigae chenye makaa na kinyesi cha tembo kilichokauka, kikafuka moshi mzito wenye harufu ya nyasi zilizooza, na bibi mmoja akawa anamnyunyizia maji ya majani aliyoyatwanga. Sharti kuu lilikuwa asichomwe sindano. Mtoto wa degedege akichomwa sindano, walisema, hafiki jioni.

Nilikuja kuelewa baadaye sana kwa nini sharti lile lilikuwa na nguvu kiasi kile: watu walikuwa wameona kwa macho yao. Mtoto mwenye malaria kali alifukizwa siku ya kwanza, akaogeshwa majani siku ya pili, siku ya tatu akiwa hajitambui ndipo akapelekwa hospitali, akachomwa kwinini, akafa. Waliomzika walikumbuka sindano. Ungewaambia nini? Ushahidi wao ulikuwa mkononi, ila umepangwa kinyume. Mtoto wa jirani yeye alipona, na moshi ukapewa sifa zote, ingawa baba yake alikuwa amemnywesha klorokwini kabla ya bibi kufika.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa mwaka 1985, nami tayari nafundisha shule ya msingi. Kliniki nilikuwa nakwenda kila mwezi, mtoto ananing'inizwa kwenye mizani kwa kaptula ya turubai, nesi anatia nukta kwenye kadi yenye rangi ya kijani, kijivu na nyekundu. Kijani unatembea kifua mbele. Kijivu unaificha kadi chini ya kanga. Miaka hiyo hiyo lilizuka jambo ambalo mama hakuwahi kulisikia wakati akitulea sisi: meno ya plastiki. Mtoto wa miezi minne au mitano akipata homa, akaharisha na kukataa titi, shangazi fulani atamfungua kinywa, ataona uvimbe mweupe kwenye fizi pale chonge litakapoota, atasema hilo ndilo linalomuua. Mng'oaji aliitwa nyumbani. Wengine walitumia spoku ya baiskeli iliyochongwa. Walichokuwa wanachimbua ni vijino vichanga vya mtoto mwenyewe, na watoto wengine walirudi hospitali na homa kubwa kuliko ya kwanza, fizi zimeoza. Nina dhana yangu, na ni dhana tu: klorokwini ilikuwa imeanza kuchoka, homa zinakataa kushuka, na mzazi ambaye dawa yake imegoma hutafuta mkosaji mpya.

Shangazi wa mume wangu alimkagua fizi mwanangu wa pili mwaka 1991. Alikuwa na homa, anakoroma, hanyonyi. Nilimwambia, "Shikamoo shangazi, ngoja nikamwonyeshe kwanza kadi yake nesi," nikambeba. Sikuthubutu kumwambia hapana mbele ya wakwe. Nesi aliyetupokea alifanya kitu ambacho sikuwahi kukiona. Hakumgusa paji la uso. Alimfunua fulana, akaniambia nimnyamazishe, akainua mkono wenye saa karibu na kifua cha mtoto, akawa anahesabu kimya kimya jinsi kifua kinavyopanda na kushuka. Dakika nzima. Kwa mtoto wa umri wa miezi miwili hadi mwaka mmoja, akaniambia, zikifika 50 hiyo tunaihesabu ni nimonia. Wa kwangu alikuwa amezipita. Akampa dawa ya nimonia, na malaria hakuitaja kabisa. Nilirudi nyumbani nimeduwaa. Kumbe homa inaweza kuulizwa, na jibu likasomwa kwenye kifua cha mtoto bila mashine yoyote, kwa saa ya mkononi.

Mjini kwetu homa ilikuwa pia ni shughuli ya wataalamu. Mwaka 1993 na 1994, katika kijiji cha Idete, watoto wa umri wa mwaka mmoja hadi mitano walichanjwa chanjo ya majaribio ya malaria iliyotengenezwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia. Redio ilivuma. Wazazi wa Idete walitembea kifua mbele kwa miezi, kana kwamba ugonjwa umeshafungwa jela. Matokeo ya Idete yalikuwa kinga ya kiasi cha theluthi moja, asilimia 31. Majaribio yaliyofuata Gambia na Thailand hayakuona kinga, na chanjo ile ikaishia hapo. Ndugu zangu wa Idete hawakurudiwa na mtu kuambiwa vizuri ilikuwaje, nami naona hilo lilikuwa kosa. Mzazi aliyetoa mkono wa mwanawe anastahili kuambiwa hata habari mbaya. Kenya ilipoanza kuwachanja watoto wake chanjo nyingine ya malaria mwaka 2019, kule mwambao wa ziwa, ndugu yangu mmoja alinipigia simu akauliza kama ndiyo ile ile.

Vyandarua vikaja vikafanya kile ambacho chanjo haikufanya. Kuanzia miaka ya 1996 na 1997 kulikuwa na mradi mkubwa katika wilaya zetu mbili, Kilombero na Ulanga, wa kuuza vyandarua na dawa yake kwa jina la Zuia Mbu. Vilikuwa vinauzwa, havikugawiwa bure. Wauzaji walikuwa wenye maduka, wenyeviti wa vitongoji, hata manesi. Mjomba alikataa. Kulala ndani ya kitambaa kinachoning'inia juu ya kichwa, alisema, ni kujizoesha sanda. Mke wake alinunua kwa pesa za pombe yake ya mpunga, akakifunga juu ya mkeka wa watoto, na baada ya masika moja mjomba akahamia kwenye mkeka.

Chandarua cha wakati huo ilibidi ukiloweke dawa mwenyewe. Tulifanya hivyo uani, wanawake wa nyumba tatu pamoja. Unakifua kwanza, unakikausha. Unapima maji kwenye beseni, unamimina kichupa cha dawa, unavaa mifuko ya nailoni mikononi kwa kuwa glavu hakuna, unakitumbukiza chandarua na kukikanda hadi kila uzi unywe. Maji yanageuka meupe kama ya mchele. Unakikamua taratibu, kisha unakitandaza juu ya mkeka kivulini, kikaukie kwa kulala. Ukikianika juani dawa inaharibika. Aliyetufundisha alirudia jambo moja hadi tukachoka: maji yaliyobaki mwaga chooni, usimwage mtoni, yanaua samaki. Kwa watu wanaoishi kwa kambale na perege, onyo hilo ndilo lililofanya tuamini kwamba dawa ina nguvu. Usiku wa kwanza, mende walikutwa wamelala chali chini ya vitanda, na hapo ubishi ukaisha.

Baadaye ilitangazwa kwamba katika wilaya zetu, watoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne waliolala ndani ya vyandarua hivyo uhai wao uliongezeka kwa asilimia 27. Mimi niliona kwa namna yangu. Wanangu wawili wa kwanza walikuwa wanashikwa na homa msimu hata msimu. Wa tatu, aliyezaliwa 1998 na kulala ndani ya Zuia Mbu tangu siku ya kutoka hospitali, alikuja kuijua ladha ya dawa chungu akiwa anakwenda chekechea.

Agosti 2001 serikali ikaiondoa klorokwini. Vimelea vilikuwa sugu, na madaktari walikuwa wanaona watoto wanaorudi na homa ile ile baada ya wiki. Badala yake ikaja SP, ambayo wengi tuliijua kwa majina ya madukani, Fansidar au Metakelfin. Mtu mzima vidonge vitatu kwa mpigo, basi, umemaliza. Mtoto kwa uzito wake. Ungedhani wazazi wangeshangilia. Haikuwa hivyo hata kidogo. Klorokwini, hata iliposhindwa kuua vimelea, ilikuwa inashusha homa yenyewe. SP haishushi homa. Unampa mtoto, usiku kucha anawaka, unajiambia umepewa chokaa. Manesi walieleza kwamba lazima umpe na panadoli, lakini mtaani habari nyingine ilikuwa inakimbia zaidi: dawa hii inachuna ngozi. Ulikuwamo ukweli humo, kwani wachache sana, hasa wenye mzio wa salfa, hupata madhara mabaya ya ngozi. Habari moja ya namna hiyo gazetini ilitosha kuwafanya kina mama wa mtaa mzima wakatafute klorokwini iliyosalia kwenye maduka ya dawa baridi. Kwenye kikao cha wazazi shuleni, mama mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, ile ilikuwa inawasha, lakini ilikuwa inapoza." Hakuna aliyembishia.

SP nayo haikudumu. Mwishoni mwa 2006 ikaanza kutolewa dawa ya mseto, ALu, ambayo asili yake ni mmea wa Kichina. Tu Youyou, mama aliyeongoza kazi ya kuitafuta asili hiyo, alikuja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Hii ilipoza, na iliponya. Lakini ilikuwa na masharti kama ya mgeni wa heshima. Ipewe na chakula chenye mafuta, maziwa au uji wa karanga, ndipo mwili uichukue vizuri. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 anapewa kidonge kimoja mara mbili kwa siku, siku tatu. Dozi ya pili ni baada ya saa 8 tangu ya kwanza. Ukianza saa mbili usiku, inakubidi umwamshe saa kumi alfajiri. Akitapika ndani ya nusu saa, mrudishie. Shida ilikuja siku ya pili jioni. Mtoto anacheza, anakula, amewafukuza kuku uani. Vidonge vilivyobaki mzazi anaona ni akiba ya homa ijayo. Nilipokuwa nawatembelea wazazi wa wanafunzi wangu nilikuwa naviona vimechomekwa kwenye ukuta wa udongo, viwili viwili, kwenye karatasi yake ya kung'aa.

Mjukuu wangu wa kwanza alizaliwa mwaka 2009. Akiwa na miaka mitatu alikuja likizo kwangu na mama yake, akachemka usiku. Asubuhi tulikwenda zahanati. Daktari, kijana wa kiume mwenye sauti ya chini, alimchoma kidole, akafinya tone la damu, akalinyonya kwa kitu chembamba na kulidondosha kwenye kibati cheupe cha plastiki, akaongeza matone ya maji yake, akasema tusubiri dakika 15. Binti yangu alikitazama kile kibati muda wote. Ukatokea mstari mmoja mwekundu mbele ya herufi C. Mwingine haukuja.

"Hana malaria," akasema daktari.

"Kwa hiyo ana nini?"

"Ana mafua. Kifua kiko safi, anapumua vizuri. Atapoa."

Binti yangu hakuinuka kwenye benchi. Nyuma yetu foleni inasukumana, yeye amekaa. Nilimwelewa. Ametembea alfajiri na mtoto mgongoni, ametoa damu ya mwanawe, na sasa anaambiwa arudi nyumbani mikono mitupu na habari kwamba jambo alilolijua tangu kuzaliwa halipo. Daktari akamtazama, akanitazama mimi, akavuta karatasi, akaandika amoksilini. Tuliichukua. Sijui ni daktari gani mwenye foleni ya watu sitini ambaye angekuwa na muda wa kufanya vingine.

Nilikuja kusoma kuhusu utafiti uliofanyika Dar es Salaam na hapa hapa Ifakara mwaka 2008 na kuchapishwa mwaka 2014. Watoto 1,005 wa chini ya miaka 10 wenye homa, waliofika hospitali kutibiwa na kurudi nyumbani, walipimwa kila kilichowezekana kupimwa. Malaria ilikuwa kwa asilimia 10.5 tu. Zaidi ya nusu walikuwa na maradhi ya njia ya hewa, na katika hao waliokuwa na nimonia ya kuonekana kwenye picha walikuwa wachache sana. Kwa jumla, watoto 7 katika kila 10 walikuwa na ugonjwa wa virusi, ambao hakuna kidonge kwenye duka lolote la dawa kinachoumaliza. Unampa mtoto maji, titi, panadoli, unamwangalia, basi. Wenye maambukizi ya njia ya mkojo walikuwa asilimia 5.9, na wenye taifodi 3.7.

Takwimu hizo mbili za mwisho natamani zibandikwe kwenye mlango wa kila duka la dawa, maana malaria ilipopungua nafasi yake haikubaki wazi. Upimaji wa kitaifa ulikuta vimelea kwa asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano mwaka 2007/08, na kwa asilimia 7 mwaka 2017. Zile homa zilizobaki zikahitaji jina. Zikaitwa U.T.I., hayo maambukizi ya njia ya mkojo. Ukiingia mtaa wowote wa Dar leo ukauliza mtoto anaumwa nini, utaambiwa U.T.I., na ukiuliza mkojo umepimwa wapi, utatazamwa. Ikikosekana U.T.I. ni taifodi, na hata taifodi ina majirani zake, "wadudu kwenye damu" na "kifua kimeshika". Dawa ni antibayotiki ya maji, chupa ya kuchanganya nyumbani, iliyokatizwa siku ya tatu mtoto akichangamka. Mama yangu na kopo lake alikuwa anakisia ugonjwa mmoja ambao kweli ulijaa bonde zima. Sisi wenye vipimo tunakisia ugonjwa wa mtoto mmoja kati ya kumi na saba. Na hizi dawa nazo zinachoka, sawasawa na ile iliyokuwa juu ya kabati.

Hata hivyo sitasema tulikuwa bora zamani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 1999 ulionyesha kuwa katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 hawakufikia miaka mitano. Ule wa mwaka 2022 unasema 43. Kwenye familia yetu ya kizazi changu hakuna mama ambaye hakuzika. Kizazi cha wanangu, binti yangu wa mwisho hajui hata taratibu za msiba wa mtoto mchanga, na ananiuliza mambo hayo kama hadithi.

Huyo wa mwisho ndiye anayenipigia simu usiku kutoka Dar. Anacho kipimajoto, ana simu yenye picha, na ananitajia namba kabla ya salamu: "Mama, 38.9." Mimi namba nashukuru, lakini nauliza yangu. Ananyonya? Anakojoa? Anatapika kila kitu? Ukimwita anageuka? Mfunue kifua, kinabonyea chini ya mbavu akivuta pumzi? Shingo inakunjika? Kama moja ya hayo si sawa, panda gari sasa hivi, usingoje kupambazuke. Kama yote ni sawa, mvue hizo nguo za baridi ulizomvika, mpe panadoli kwa uzito wake, mnyonyeshe, asubuhi kapimwe. "Lakini nimpe nini, mama?" Nimeshamwambia. Ananyamaza kidogo, kisha anasema kwamba duka la chini bado liko wazi.

Homa za wadogo, kwa kweli, unaziona. Anayenipa taabu ni yule mjukuu wa kwanza, ambaye sasa yuko bweni. Kijana wa umri huo homa yake unaisikia ya mwisho, baada ya rafiki, matroni na muuza duka. Alipokuwa na miaka 14 alipata shuleni chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, ile ambayo nchi yetu ilianza kuitoa mwaka 2018, akaumwa mkono na kupata joto kidogo usiku ule, na wazazi wa wenzake walishaanza kusambaza ujumbe kwamba wasichana wanafungwa uzazi. Mama yake alinipigia huku analia. Joto lile liliisha kesho yake, maneno yakachukua muhula mzima.

Mwaka jana alirudi likizo na mfuko wa nailoni wenye dawa. Alikuwa ameumwa wiki mbili, kwa vipindi, kichwa na baridi. Ndani ya mfuko mlikuwa na siprofloksasini aliyoinywa nusu, panadoli, na vidonge vya njano asivyovijua jina. "Walisema U.T.I., bibi. Wasichana wote wa bweni letu wanayo." Mkojo haukuwa umepimwa. Nilimpeleka hospitali asubuhi ile ile, akanung'unika njia nzima kwamba dozi yake bado haijaisha. Mkojo ukapimwa, ulikuwa safi. Wakamchoma kidole, na safari hii mstari wa pili ulikuja haraka, mwekundu hasa, hata dakika tano hazijatimia.

Daktari hakushangaa. Siku hizi, alituambia, watoto wa shule ndio wanaobeba vimelea kuliko wachanga, kwa kuwa mchanga analazwa ndani ya chandarua cha mama na hawa hawana wa kuwachomekea. Ndiyo maana mikoa ya kusini ilianza kugawa vyandarua kupitia shule tangu 2013. Kwa uzito wake mjukuu alitakiwa kumeza vidonge vinne vya mseto kwa mpigo, na maziwa. Alivimeza vyote bila kuminywa pua, akauliza kama anaweza kuipata simu yangu.

"Chandarua cha bwenini kiko wapi?" nikamuuliza.

"Kipo. Tumekifunga dirishani, pazia liliibwa."

"Na wewe unalala ndani ya nini?"

"Bibi, mle ndani joto. Halafu kile ni cha duara, kinanigusa usoni."

Nilimwambia ale kwanza. Jumamosi tulikwenda sokoni tukanunua cha pembe nne, kikubwa, akachagua rangi mwenyewe, na mimi nikalipia na misumari.